Mwenye Kuongoza na Aanze na Nafsi Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya uongozi. Nikamwuliza, uongozi upi? Akanijibu: wowote ule, mradi usizidi nusu saa, maana pilau likishapoa halina mwenyewe. Nitajitahidi kulinda pilau letu.

Ndugu zangu, nikitazama mbele yangu naona madaktari, mameneja, maofisa wa jeshi waliostaafu, wakulima, wafanyabiashara, mashehe na wachungaji, na walimu wengi sana. Naona pia viranja wa leo, wenye beji zao vifuani. Kila mmoja wetu ana mtu anayemwongoza. Hata yule asiyekuwa na cheo chochote ana mtoto nyumbani anayemtazama.

Mimi nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka 31, na 11 katika hiyo nilikuwa mkuu wa shule. Katika muda huo nimeona viongozi wengi wakipanda na wengi wakianguka. Nataka kuwaambia jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Walioanguka kwa sababu hawakujua Hisabati ni wachache mno. Wengi waliangushwa na hasira. Wengine waliangushwa na kijicho, au na woga wa kuulizwa maswali, au na kiu ya kusifiwa. Na mambo hayo manne hayamo katika mtihani wowote. Kijana anaweza kupata daraja la kwanza Kidato cha Nne na la kwanza tena Kidato cha Sita, akaenda Chuo Kikuu akarudi na shahada, na bado akawa mtu asiyeweza kuambiwa "hapana" bila kupiga meza.

Siku hizi wataalamu wamelipa jambo hili jina. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya kile tunachoweza kukiita akili ya hisia. Mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman akatoa kitabu juu ya jambo hilo hilo, kikavuma dunia nzima. Wanachosema kwa ufupi ni hiki: mtu ajue kinachopita moyoni mwake, aweze kukitawala, aweze pia kujua kinachopita moyoni mwa mwenzake, na atumie ujuzi huo kuishi na watu vizuri.

Nawaheshimu wataalamu hao. Lakini bibi zetu wangelisikia hayo wangeliuliza: kwani hilo nalo ni jipya? Sisi tuna neno subira. Tuna staha. Tuna busara, na juu ya yote tuna utu. Tunasema hasira hasara. Tunasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tofauti ni kwamba tumeyafanya maneno hayo kuwa mapambo ya khanga, badala ya kuyafanya kuwa kazi ya kila siku. Leo nataka tuyarudishe kwenye kazi.

Jambo la kwanza ni KUJIJUA.

Mtu anapokasirika, mwili wake hubadilika kabla akili haijapata nafasi ya kusema neno. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Maandalizi hayo yalimfaa babu yetu aliyekutana na chui njiani. Hayamfai mwalimu aliyekutana na kijana ambaye hakuandika insha. Kijana si chui. Lakini mwili hauijui tofauti hiyo. Wewe mwenyewe ndiye unayepaswa kuijua, na huwezi kuijua kama hujawahi kujichunguza.

Kwa hiyo nawashauri mjiulize swali dogo: mimi hukasirishwa na nini hasa? Wapo wanaokasirishwa na kelele. Wapo wanaokasirishwa na njaa. Hao huwa wakali sana saa sita mchana, na saa nane wamekuwa malaika. Wapo wanaokasirishwa na kuulizwa swali mbele ya watu, kwa sababu hudhani swali ni dharau. Niliwahi kufanya kazi na mwalimu mmoja, hodari wa somo lake, ambaye aliijua nafsi yake kwa namna hiyo. Alijua kuwa akirudi kutoka kulipwa mshahara, na madeni yamekwisha umeza nusu yake, siku hiyo hafai kusahihisha madaftari. Basi hakuyasahihisha. Alifyeka majani ya bustani yake, akasahihisha kesho yake. Wanafunzi wake hawakujua kamwe kwamba walikuwa wameepushwa na jambo.

Jambo la pili ni KUJITAWALA.

Hapa sina budi kuzungumza waziwazi juu ya fimbo, kwa kuwa ni suala linalogusa shule zetu kila siku. Ndugu zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001. Sisi huku Tanzania Bara tuliendelea navyo, lakini si bila mipaka. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka masharti. Kiboko kiwe kwa kosa kubwa. Kisizidi viboko vinne. Kitolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyetoa adhabu, na mkuu wa shule atie sahihi.

Sasa, ndugu zangu, sheria hiyo ina maana gani? Wengi huiona ni urasimu wa makaratasi. Mimi naiona ni breki ya hasira. Aliyeitunga alijua tabia ya binadamu. Alijua kwamba mtu mwenye hasira hawezi kutembea mpaka ofisini, akatafuta kitabu, akatafuta kalamu, akaandika kosa kwa maneno yanayosomeka, halafu akabaki na hasira ile ile. Na mara nyingi, akishaanza kuandika kosa, anagundua kwamba halijai hata mstari mmoja. "Alinitazama vibaya." Nani ataiandika sentensi hiyo na kuiwekea sahihi?

Tunayo sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwezi Agosti 2018, mkoani Kagera, mtoto wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba. Mtoto alizikwa, mwalimu akaenda mahakamani, na familia mbili zikaingia katika huzuni isiyokwisha. Simtaji mtu yeyote. Nauliza tu: kwa jambo la mkoba, kulikuwa na haraka gani? Mkoba ungeweza kungoja hadi kesho. Karibu kila kitu kinachotukasirisha kinaweza kungoja hadi kesho.

Lakini msinielewe vibaya. Kujitawala si kutokuwa na hasira. Asiyekasirishwa na dhuluma ana kasoro. Swali ni: hasira yako unaielekeza wapi?

Chukueni mfano wa Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kuongoza nchi alifundisha Tabora na Pugu, na aliyeacha ualimu mwaka 1955 ili aiongoze TANU. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa Chuo Kikuu Kishiriki, waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akakasirika kweli kweli. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao, na wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye. Kama adhabu ile ilikuwa sawa au ilizidi, watu wamebishana mpaka leo, na wana haki ya kubishana.

Mimi nataka mwangalie upande mwingine wa siku ile. Katika hasira ile ile, Mwalimu alijitazama na yeye. Wanafunzi walilalamika juu ya mishahara ya wakubwa. Naye akakubali kwamba mishahara ya wakubwa, wa kwake ukiwamo, ilikuwa mikubwa mno. Papo hapo akautangaza kuupunguza wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi. Wangapi katika sisi, tukiwa tumekasirishwa na vijana, tunaweza kukiri papo hapo kwamba katika maneno yao kuna moja la kweli, na kwamba linatuhusu sisi?

Jambo la tatu ni KUMSOMA MWENZAKO.

Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya bweni, palikuwa na kijana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa akisinzia darasani kila asubuhi. Walimu watatu walikwisha mwadhibu, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja alimpa kufyeka, wa pili kumwagilia miche, wa tatu kupiga magoti. Jina lake likaletwa kwenye mkutano wa walimu kama mtoto mvivu. Ikawa bahati kwamba mpishi mkuu aliitwa siku hiyo kueleza habari ya kuni. Aliposikia jina la kijana akaomba ruhusa ya kusema. Akasema kijana yule huja jikoni usiku, wakati wao wanachochea moto wa maharage ya kesho, akakaa karibu na jiko mpaka usiku wa manane. Kaka yake aliyekuwa akimlipia ada alikuwa amefariki wakati wa likizo, na tangu hapo usingizi wa usiku ulimkimbia.

Mwalimu wa nidhamu akamwuliza mpishi, "Wewe umeyajuaje?" Akajibu kwa upole, "Nilimwuliza, mwalimu."

Ndugu zangu, katika chumba kile tulikuwa na diploma na shahada za kutosha. Mpishi hakuwa na hata moja. Lakini katika sisi sote ni yeye peke yake aliyeuliza. Adhabu zikasimama. Kijana akapewa mwalimu wa kuzungumza naye kila jioni, na ada yake ikatafutiwa msaada. Alimaliza Kidato cha Nne pamoja na wenzake.

Nanyi vijana, hili linawahusu hasa. Shule ya wavulana ina ugonjwa wake. Tunafundishana kwamba mwanamume halii, hasemi kuwa ana huzuni, haombi msaada. Matokeo yake huzuni hubadili nguo: hutoka ikiwa imevaa hasira, au ulevi, au utoro. Mkimwona mwenzenu wa kitanda cha jirani amebadilika, amekuwa mkali bila sababu au mkimya kupita kawaida, msimtungie jina la utani. Mwulizeni. Kuuliza si ujinga, na hakuna gharama.

Kumsoma mwenzako si udhaifu. Nelson Mandela alikaa kifungoni miaka 27, sehemu kubwa katika Kisiwa cha Robben. Huko alijifunza Kiafrikana, lugha ya askari waliomlinda na ya serikali iliyomfunga. Wapo waliomshangaa. Lakini alijua kwamba utakapofika wakati wa kuzungumza na watu wale, ni lazima ajue wanaogopa nini na wanapenda nini. Wakati huo ulipofika, alikuwa tayari kuliko wao.

Jambo la nne ni KUKUBALI KUAMBIWA NA KUBEBA MZIGO.

Nitawapa kisa kimoja cha shule, halafu kimoja cha taifa.

Cha shule ni cha miaka ile ya shida, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo sukari, sabuni na unga vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Nilikuwa kijana katika kazi. Jioni moja wanafunzi waligoma kula. Maharage yalikuwa na fukusi, na kulikuwa na uvumi kwamba chakula kizuri kinaishia majumbani mwa walimu. Walimu wengine wakashauri waitwe polisi. Mkuu wetu wa shule akasema, "Niletee leja ya stoo." Akaingia bwaloni akiwa na leja ile mkononi, akasimama, akangoja kelele zitulie. Hakupandisha sauti. Akawasomea yote: magunia ya unga yaliyobaki, maharage, mafuta, fedha zilizoletwa na fedha zilizotumika. Kisha akasema maharage haya ni mabaya, wanafunzi wanasema kweli, na yeye hana mengine mpaka wiki ijayo. Akawaambia wachague wawili wao wawe wanakagua stoo pamoja na mtunza stoo kila Jumamosi. Halafu akachukua sahani, akajipakulia, akaketi kwenye benchi pamoja na Kidato cha Kwanza, akala.

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya muda vijana walianza kupanga foleni, wakala. Polisi hawakuitwa.

Angalieni alichokifanya mzee yule. Hakuwaahidi nyama. Aliwapa ukweli, na aliwapa heshima. Mtu mwenye njaa anaweza kuvumilia maharage mabovu. Kinachomshinda ni kudanganywa na kudharauliwa juu ya njaa yake.

Kisa cha taifa mnakijua. Katikati ya miaka ya 1970 yalitokea mateso na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwatesa yeye, wala hakuamuru wateswe. Lakini yaliyofanyika yalifanyika chini ya wizara yake, naye akajiuzulu. Wengi walidhani huo ndio mwisho wake. Akaenda kuwa balozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kubeba mzigo hakukumshusha.

Na uzee haukumwondolea tabia ile. Mwezi Machi 2009, katika Baraza la Maulidi jijini Dar es Salaam, kijana mmoja alipanda jukwaani akamzaba kibao mbele ya umati, Mzee akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Kijana alipoondolewa, Mzee aliendelea na hotuba yake. Fikirini mimi na wewe tungefanya nini. Alipofariki mwezi Februari 2024, nchi ilimlilia, na nadhani wengi walikuwa wakimlilia kwa utulivu wake kuliko kwa vyeo vyake.

Ndugu Mwenyekiti, hotuba bila azimio ni sawa na mvua ya baharini. Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa Ndugu Mkuu wa Shule na walimu wake. Naomba kitabu cha adhabu kiwe hai. Kikaguliwe mwisho wa kila mwezi katika mkutano wa walimu, si kwa kumtafuta mchawi, bali kwa kujiuliza: mbona jina hili limejirudia mara nne? Ana nini mtoto huyu? Najua madarasa yenu yamejaa na kazi ni nyingi. Ndiyo maana nasema tuanze na kitabu ambacho tayari kipo.

La pili ni kwa Umoja wetu. Tumechanga bati, tumechanga madawati, tumenunua kompyuta. Ni mambo mema. Lakini naomba sasa tuchange na masikio. Kila mmoja wetu aliye karibu aje hapa Jumamosi mbili kwa mwaka, akae na vijana sita au saba chini ya mti, asihutubu, awasikilize. Wazee wenzangu, najua hilo la kutohutubu ndilo gumu kuliko mchango wa fedha.

La tatu ni kwenu vijana, hasa viranja. Kila jioni kabla ya taa kuzimwa, jiulizeni maswali matatu. Leo nimekasirishwa na nini? Nilifanya nini na hasira hiyo? Je, yupo mtu niliyepaswa kumwuliza hali yake, nami nikampita? Msiandike popote kama hamtaki. Jiulizeni tu, kwa kweli. Mkifanya hivyo muhula mmoja, mtaona tofauti; na mkifanya hivyo miaka minne mtatoka hapa mkiwa na elimu ambayo cheti hakiwezi kuionyesha, lakini mke wako, watoto wako na watu utakaowaongoza wataiona siku ya kwanza.

Taifa letu lina wasomi wengi kuliko lilivyokuwa wakati wowote. Tunachohitaji ni wasomi wanaoweza kuambiwa ukweli bila kulipiza kisasi, wanaoweza kuwa na nguvu mkononi na wasiitumie kwa sababu tu ipo. Watu wa namna hiyo hawaagizwi kutoka ng'ambo. Wanalelewa, na mahali pa kuwalea ni bwenini, darasani, uwanjani na jikoni, humu humu mnamoishi.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha na harufu ya pilau imekwisha fika. Nawatakia wanafunzi heri katika mitihani yenu, na walimu moyo wa kuendelea na kazi hii ngumu na tukufu.